Nyangalio na Tuta la Makaburi

Kaeni vizuri, watu wa Kipawala, na anayekohoa amalize kukohoa, maana habari hii haisimuliwi kwa kukatizwakatizwa. Ni habari ya zama za mababu wa mababu zetu, wakati bonde hili lilipokuwa la viboko na matete, na ni habari ya Nyangalio mwana wa Likwati, mwana wa Mpili aliyeshuka kutoka milimani akiikimbia njaa. Nyangalio Mbeba Mlima, Nyangalio aliyeuambia mto rudi, nao ukarudi.

Yeye ndiye aliyewaleta watu hapa, na alipoona kuwa mto Mlembwe hufurika kila masika na kumeza nyumba na mpunga, aliapa kuuwekea mpaka. Alibeba udongo kwa tenga ambalo wanaume wanne walishindwa hata kulitikisa, akabomoa vichuguu vya bonde zima, kwa maana alijua kuwa udongo wa kichuguu ukilowa na kushindiliwa hushikamana kuliko udongo wote, na kwa misimu saba akajenga tuta refu kutoka Mikuyuni mpaka Kivukoni. Maji yakaja, yakaligonga, yakapita zake. Hivyo ndivyo mji huu ulivyopata pa kukaa.

Lakini masika ya kwanza baada ya tuta kukamilika, Sijaona, binti yake wa pekee, mtoto wa miaka sita, alishikwa na homa akafariki, na nchi yote nje ya mji ilikuwa maji matupu, na ndani ya mji kila shimo lililochimbwa lilijaa maji. Hapakuwa na pakavu pa kumzika ila juu ya tuta lenyewe. Nyangalio akamzika pale, na kwa uchungu wa siku ile akasimama mbele ya watu akatamka: "Mgongo huu ndio kitanda cha watu wetu. Atakayekufa Kipawala atalala hapa, na jembe lisiuguse maadamu Mlembwe unatiririka." Watu wakaitikia. Tangu hapo kila aliyekufa alizikwa tutani, kila ukoo ukawa na kipande chake, na ikawa fahari kubwa mtu kusema kuwa babu yake anauzuia mto.

Miaka arobaini ikapita. Nyangalio akazeeka, ingawa mabega yake yalikuwa bado ya fahali. Kila masika yalipoisha alizoea kulitembea tuta peku, akilipima kwa nyayo, na mwaka ule nyayo zake zilikuta jambo ambalo moyo wake haukulitaka. Tuta lilikuwa limechoka. Palipo na makaburi udongo ulikuwa umetitia, na upande wa mjini, chini ya kila kaburi, palikuwa pakivuja maji membamba. Akaketi kwenye kaburi la Sijaona akalia, kwa sababu alifahamu kuwa si mto uliolidhoofisha tuta lile. Alilidhoofisha yeye, kwa kiapo chake.

Akawaita watu wote uwanjani, akawaeleza mpango wake bila kuficha neno. Tuta lifunguliwe kaburi kwa kaburi kabla kiangazi hakijaisha. Mifupa ihamishiwe Kilima Mtandala, mwendo wa nusu siku. Mashimo yajazwe udongo wa kichuguu, na watu kumikumi waushindilie kwa magogo mpaka maji yakimwagwa juu yake yasizame. Kisha tuta zima liinuliwe kimo cha mkono mmoja. Kila ukoo akaupimia sehemu yake kwa kamba yenye mafundo.

Mzee Mtopeka, mkuu wa ukoo wa Kivukoni, akasimama kwa hasira. "Nyangalio, ni wewe uliyetuapisha! Nimezika watoto wanne pale kwa neno lako. Leo unataka nikawafukue kama viazi?"

Aliyoambiwa Nyangalio yalikuwa kweli. Kesho yake asubuhi akapanda tutani peke yake, watu wote wakimtazama, akapiga magoti kwenye kaburi la binti yake, na kwa kuwa jembe alilikataza mwenyewe, akaanza kuchimba kwa vidole.

Binti Mketu, mkewe, alikuwa amesimama chini ya tuta. "Baba Sijaona, mwache mwanangu," akamwambia. "Miaka yote hii kila kukicha nampitia, namsalimu. Ukimtoa, nitakwenda kumsalimu nani?"

"Mama Sijaona," akasema bila kuinua uso, "maji yakimchukua hatutajua yamempeleka wapi. Nipe kaniki yako."

Binti Mketu akapanda tutani. Akavua kaniki aliyojitanda, akaitandika chini, na mifupa midogo ikawekwa humo mmoja mmoja. Watu walipomwona Mbeba Mlima akishindwa kunyanyuka na furushi lile dogo, mpaka mkewe akamshika mkono, wakaangua kilio. Na siku ile ile koo sita kati ya saba zikapanda kufungua makaburi yao. Ukoo wa Kivukoni peke yake ulikataa. Mzee Mtopeka aliketi juu ya kipande chao na mkuki magotini, na Nyangalio akatamka kuwa asilazimishwe mtu.

Wako wanaomlaumu kwa huruma ile. Mimi simlaumu. Mtu aliyewaapisha watu mara moja akakosea, angepata wapi ulimi wa kuwaamuru mara ya pili?

Masika yalipoingia, Mlembwe ulipanda kimo ambacho hata yeye hakuwahi kukiona. Sehemu za koo sita zilisimama imara. Adhuhuri ya siku ya tisa, kipande cha Kivukoni kikaanza kutapika tope chini ya makaburi, na mayowe yakasikika mji mzima. Nyangalio alijaza tenga lake akashuka mbio, akawa anamwaga udongo kwenye ufa, anarudi, anamwaga tena, huku akinguruma, "Watoeni watoto! Pandeni Mikuyuni!" Nyumba zote za Kivukoni zikatoka. Mzee Mtopeka hakuweza kukimbia. Nyangalio akamwinua kwa mkono mmoja akawakabidhi wanawe, kisha akarudi kwenye ufa ili wapate nafasi ya kupita. Wa mwisho alipokwisha kupita, tuta likavunjika, likaondoka naye pamoja na makaburi yote ya Kivukoni.

Walimtafuta mpaka bonde likakauka, wasimpate.

Kiangazi kilichofuata, watu wa Kivukoni walipokwisha kulijenga upya tuta lao, Mzee Mtopeka akaja na mji mzima nyumbani kwa Binti Mketu, wamejitwika mawe ya mtoni. Walitaka kumjengea Nyangalio kaburi la heshima juu ya tuta, pale pale alipopotelea, jina lake lisisahaulike. Walidhani mjane angefurahi.

Binti Mketu akayatazama mawe. "Mnampenda?" akauliza.

"Tunampenda, mama," akajibu Mtopeka, machozi yakimtoka.

"Basi msilitoboe tuta lake."

Wakayatua mawe, wakalia naye mpaka jioni. Ndiyo maana mgeni akifika Kipawala akauliza mwanzilishi wetu amelala wapi, hatuna kaburi la kumwonyesha. Wafu wetu twawabeba nusu siku mpaka Mtandala, hata mvua ikinyesha, na wabebaji hufika hoi. Tuta letu halina jiwe wala jina. Twalitembea peku kila masika yaishapo, na tukifika Kivukoni hakuna anayesema neno.