Nyumba ya Rangi Moja

Mtu mmoja alikuwa na nyumba mpya na mama asiyeona. Jina lake Mwaluma, fundi wa kupaka rangi, na kazi yake ilisifiwa katika vilima vyote vya Taita, kwa maana alipopaka ukuta hapakuonekana mahali brashi ilipoanzia wala mahali ilipokomea. Watu walipitisha viganja juu ya kuta zake, wakasema ni laini kama ganda la yai. Naye alilipenda neno hilo kuliko ujira wake.

Mama yake, Mshai, alikuwa mjane. Macho yake yalififia kwa muda wa miaka mitatu hata akabaki gizani kabisa. Hata hivyo, katika nyumba yake ya kale, nyumba ya udongo, alitembea bila fimbo na bila kuongozwa. Nyumba ile ilijaa vitu ambavyo havikufanana hata viwili. Kiti kimoja alipewa na wifi yake, kingine alikitoa sokoni Mwatate, cha tatu hakuna aliyejua kilikotoka. Pazia la dirisha moja lilikuwa leso, na la dirisha la pili gunia lililoshonwa pindo. Wageni walitabasamu walipoingia. Mshai hakuona haya, lakini mwanawe aliiona kwa niaba yake.

Nasema mapema, ili tusimhukumu kwa haraka: Mwaluma alimpenda mama yake. Wako wengi wanaowaumiza watu kwa sababu hawawapendi, na hukumu yao ni nyepesi kuitamka. Huyu aliumiza akiwa amebeba upendo mikononi, na mtu wa namna hii ni vigumu kumwonya, kwa kuwa dhamiri yake imelala usingizi mtamu.

Alijenga nyumba ya mawe kando ya ile ya udongo, na siku ilipokamilika akaibomoa ile ya udongo. Vitu vya mama yake akavigawa, na visivyogawika akavichoma. Kisha akapaka vyumba vyote rangi moja ya maziwa. Milango yote ilikuwa sawa na vitasa vyote vilikuwa sawa. Sakafu aliitandika vigae vinavyoteleza kama maji. Sebuleni aliviweka viti saba vya seti moja, vimeegemea ukuta pande zote, na mkewe Wakio akaagizwa kufuma vitambaa saba vya uzi mweupe kwa mtindo mmoja, kila kiti na chake. Ikawa siku ya kumhamisha Mshai, watu walikula na kunywa, wakamsifu mwana anayemheshimu mzazi wake hivyo. Mshai naye alishukuru, akaketi mahali alipoketishwa.

Siku ya tatu alianza kupotea.

Aliinuka kwenda jikoni akajikuta chumbani. Alitafuta kiti chake akakaa juu ya magoti ya mgeni. Alishika kitambaa, akashika cha pili, akashika cha tatu, na vyote vilimwambia neno lile lile. Kuta hazikuwa na kona iliyobonyea wala ufa uliozoeleka. Alipapasa huku na huku, na vidole vyake viliacha alama juu ya ile rangi ya maziwa. Mwaluma alipotoka kazini jioni, kabla hajala, alichukua kitambaa kibichi akazifuta. Hakufuta kwa hasira. Alifuta kama mtu anayetunza. Wakio alimwomba mara moja aziache, naye akamjibu kwamba nyumba ya fundi rangi ndiyo kibao chake cha biashara.

Ndipo Mshai akaacha kutembea. Alikaa kiti kimoja tangu asubuhi mpaka alipokuja mtu wa kumwondoa. Miguu yake ikavimba, chakula kikamshinda, na ule utani wake uliokuwa ukiwachekesha wanawake kisimani ukakauka. Wakio alimwambia mumewe waziwazi kwamba mtu wa umri ule akikubali kukaa chini msimu mmoja, hainuki tena ila kwa kubebwa. Mwaluma alisikia, akaogopa. Kesho yake akaleta mto laini zaidi wa kukalia, wa rangi ya maziwa.

Siku moja mvua ilikatisha kazi, akarudi nyumbani mchana. Wakio alikuwa shambani. Alimkuta mama yake amesimama mbele ya mlango wa stoo, paji la uso limegusa ubao, nguo yake imelowa na maji yametapakaa kwenye vigae. Alikuwa akitafuta choo. Alikuwa amehesabu milango, na hesabu ikampotea. Alisikia hatua za mwanawe, akazitambua, wala hakugeuka.

"Mwanangu," alisema, "nyumba yako ni nzuri, lakini hakuna kitu ndani yake kinachoniambia nilipo."

Mwaluma alimshika mkono, akamwondoa mlangoni. Alimwosha mama yake, yeye aliyeoshwa na mikono ile ile, akambadilisha nguo, akamlaza. Akapiga deki sakafu. Kisha, kwa mazoea, akainua kitambaa ili afute ukuta, na hapo akaziona alama kwa mara ya kwanza kama alama za mtu. Zilianzia kwenye kiti, zikafuata ukuta kwa kimo cha kiuno, zikapita mlango wa choo bila kuujua. Mbele ya mlango wa stoo zilisongamana, moja juu ya nyingine, za mtu aliyekwenda na kurudi na kwenda tena. Akaelewa kwamba kila jioni alikuwa akifuta ushahidi wa kupotea kwa mama yake, kisha anaketi kula. Kitambaa kikamchuruzikia mkononi mpaka maji yakaisha, na ukuta hakuugusa.

Asubuhi aliahidi kumwongoza mwenyewe kila aendako. Mshai alikataa. Alisema, "Nikikushika mkono kutwa, baba, nani atapaka nyumba za watu?" Akamweleza anachokihitaji. Hakutaka kurudishiwa vya zamani, maana alijua viliko. Alitaka kitu kimoja kwa kila mahali, na kila kitu kisifanane na mwenzake.

Mwaluma akafurahi, akidhani ni kazi ya siku mbili. Alichonga vibao sita vya kupigilia kwenye milango sita. Alivipiga randa, akavisugua kwa msasa, akavipaka. Mama yake akavipokea mapajani, akavipapasa kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale akacheka. Akamwambia amezaa mapacha sita. Na ilikuwa kweli, kwa kuwa mkono wa Mwaluma ulijua namna moja tu ya kumaliza kitu. Mtu hawezi peke yake kuwa wengi. Hilo halikumpasa fundi huyu tu kulijua, ndugu zangu, linatupasa na sisi.

Basi ilimbidi aombe. Alikwenda kwa watu wale wale ambao zawadi zao alikuwa amezichoma, akasimama mlangoni mwao mikono mitupu. Righa, mwanamke msusi wa vikapu, alimwacha asimame muda mrefu kabla ya kumkaribisha. Kisha akampa kikapu cha katani kilichokatika mkono mmoja, nacho kikatundikwa kwenye mlango wa jikoni. Mzee Malemba, mfugaji, alitoa ngozi ya mbuzi yenye manyoya yake, ikatandikwa chini ya kitanda mahali miguu inapotua. Bi Zuhura, jirani aliyeolewa huko akitokea pwani, alileta mkeka wa ukindu, akautandika kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye kiti cha Mshai hadi mlango wa chumba, na akamwonya fundi asiusogeze hata kidole kwa ajili ya uzuri. Fundi bati wa sokoni alitunga mshipi wa vifuniko vya chupa, akautundika kwenye mlango wa stoo, ulie kila unapoguswa. Wakio alifumua vile vitambaa saba, akavifuma upya: kimoja kina vifundo, kimoja kina matundu, kimoja cha sufu nene ya nyekundu na kijani, na hakuna kilichomfuata mwenzake.

Naye Mwaluma alifanya neno ambalo fundi rangi halifanyi. Alichanganya mchanga katika rangi, akapaka ukuta wa choo pande zote za mlango ukwaruze mkono. Kisha akayafungua makopo yaliyobaki kwenye kazi za watu, akapaka kila mlango rangi yake, buluu, manjano, rangi ya matofali. Mama yake hakuziona. Lakini yeye aliziona, na ni yeye aliyekuwa na haja ya kuziona.

Watu wakamtania. Waliuliza kama amefungua soko, na kama siku ya mnada ni Alhamisi au Jumamosi. Tajiri mmoja aliyekuja kumpa kazi alitazama ndani, akasema atarudi, hakurudi. Lakini Mshai alitembea. Alikwenda jikoni, alikwenda chooni, alikwenda kitandani, akikanyaga manyoya na ukindu, akishika vifundo na matundu, na uvimbe wa miguu ukapungua.

Palibaki mahali pamoja. Mlango wa nje ulikuwa na vidato viwili vya kushukia, na Mshai aliuogopa. Walijaribu kamba, wakajaribu chuma cha kushikilia, naye alifika pale akasita, akarudi. Alihitaji kitu cha kuegemea kwa uzito wake wote kabla hajaunyosha mguu, na vile vyote havikumtuliza. Mtu aliyefungiwa mlango wa nje, hata akitembea ndani kwa uhuru, bado ni mfungwa.

Mwaluma alikuwa na ndugu mdogo, jina lake Shako, ambaye sijamtaja kwa sababu Mwaluma mwenyewe hakumtaja. Waligombana siku ya kubomoa. Shako alisimama mbele ya nyumba ya mama yao, akasukumwa kando, akaondoka na nguzo moja ya mlango begani, akisema hatakanyaga nyumba ile ya mawe maadamu yu hai. Nguzo hiyo ilikuwa ya mti mgumu, imepinda, na bega la Mshai lilikuwa limeilainisha kwa miaka arobaini. Sasa ilikuwa imesimama katika zizi la Shako, ikishikilia lango la ng'ombe.

Mwaluma alishuka bondeni. Shako alikuwa akikama, na hakuinuka.

"Vipi, kaka," aliuliza, "rangi imekwisha?"

Kulikuwa na majibu mengi, na Mwaluma aliyajua yote. Alisema tu kwamba alimkosea mama, na alimkosea yeye, na kwamba amekuja kuomba nguzo. Shako aliendelea kukama hadi chombo kikajaa. Kisha akaionyesha nguzo kwa kidevu. Hakumsaidia kuing'oa, wala hakumzuia. Mwaluma aliing'oa peke yake, akafunga lango la zizi kwa kamba ili asimwachie ndugu yake hasara, akaipandisha kilimani begani huku akipumzika kila baada ya matuta machache.

Haikuingia. Ukuta ulikuwa umenyooka na nguzo ilikuwa imepinda, na mojawapo ililazimika kukubali. Alichukua tindo na nyundo, akaubomoa ukuta wake laini kando ya mlango mpaka mawe yakaonekana, akaisimamisha nguzo kama ilivyo, akaijaza saruji miguuni. Hakuipiga msasa. Hakuipaka rangi.

Jumapili iliyofuata walikuwa wamekaa wakichambua mboga. Hatua zilisikika uani, zikafika mbele ya mlango, zikasimama. Mwaluma alitaka kuinuka, na mama yake akamwekea kiganja gotini. Aliinuka mwenyewe. Akaanzia kwenye ukindu, akagusa kile kitambaa cha vifundo, akafika kwenye nguzo, akaiegemea kwa bega, akafungua mlango. Aliuliza ni nani. Akashuka kidato cha kwanza. Akashuka cha pili. Akanyosha mkono, akakuta uso wa Shako umelowa machozi.

Alimwambia mboga zitawekwa motoni sasa hivi, na kama amekuja kusimama tu, angesimama hata kwake. Kisha akageuka, akamshika mkono, akapanda mbele yake. Kipofu alimwingiza ndani mtu mwenye macho, akimwonyesha pa kukanyaga, na akimwonya asijikwae kwenye mkeka wa Bi Zuhura.

Ndugu zangu, wazee wetu wa imani waliokuwa jangwani, walipomjengea Mungu hema, hawakuambiwa walete kitu cha namna moja. Huyu alileta singa za mbuzi na yule kitani, huyu ngozi na yule shaba, na Utukufu ukakubali kukaa katikati ya vitu hivyo. Sisi tunazitaka nyumba zetu na makusanyiko yetu yawe laini kama yai, na kila jioni tunafuta alama za vidole na kuuita ufutaji huo utaratibu. Lakini kitambaa bado kiko mkononi, na ukuta waweza kuvunjwa leo. Basi, kabla hamjaketi kula, niambieni: ni nani anayepapasa sasa hivi ndani ya nyumba yenu, asijue alipo, kwa sababu mmeondoa kila kitu kisichofanana nanyi?