Nesi Aliyesalimia Mchana Kutwa

Wapendwa, funikeni vitabu vya nyimbo kidogo, nataka kuwapa mfano. Si wa mkulima wala wa mfanyabiashara, hao mmewachoka. Leo nawapa mfano wa kitenzi. Ndiyo, kitenzi, kile kile kilichowatoa jasho darasani.

Huko milimani, kwenye majani chai, kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne. Mtu wa tai na kofia, hata akienda kukamua ng'ombe. Kanisa lao lilianzishwa na wamisheni kutoka Uskoti, na lilipokaribia kutimiza miaka mia moja, barua ikapatikana katika sanduku la bati ofisini. Nesi wa kwanza wa misheni ile alikuwa amemwandikia dada yake kule kwao, na barua haikutumwa. Wazee wa kanisa wakasema itafsiriwe, isomwe siku ya sherehe. Na nani aitafsiri kama si Mwalimu?

Akaketi na nakala yake mezani, kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Nesi alikuwa na miezi mitatu tu nchini aliposikia kwamba mtoto wa jirani amekufa kwa homa, akaenda. Mwalimu akatafsiri hivi: "Nilimkuta mama wa mtoto ameketi sakafuni. Nikaketi karibu naye, nikasalimia. Tukasalimia pamoja mchana kutwa. Mume wake alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakusalimia. Nilipoondoka nilisalimia njia nzima, na njiani hapakuwa na mtu."

Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Nani anasalimia mchana kutwa? Na huko njiani kusiko na mtu, alikuwa anasalimia migomba? Lakini neno lilikuwa pale, limeandikwa wazi: "greet". Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba hilo ni kusalimia. Mahali pawili nesi alikuwa ameandika "grat", na Mwalimu akaona hilo ni kosa la tahajia, akalizungushia wino mwekundu na kulisahihisha. Mwanamke yuko kaburini miaka themanini, bado anasahihishiwa imla.

Kilichomtuliza kidogo ni mstari wa mwisho: "Sijui hata maneno ishirini ya lugha yao, lakini nasalimia kama wanavyosalimia." Hapo akajiambia, kumbe huyu nesi alikuwa mtu wa watu. Hajui lugha, lakini salamu anazo. Akaipeleka tafsiri kwa kamati ya sherehe, ingawa moyoni bado kulikuwa na kitu kinamkuna.

Kamati nayo ikachanganyikiwa. Mmoja alisema labda waombolezaji walikuwa wengi, kila anayeingia anasalimiwa, ndiyo maana ikachukua mchana kutwa. Mwingine akasema Wazungu wa zamani walikuwa na salamu ndefu. Aliyewasumbua zaidi ni yule mume wa mlangoni, maana wajukuu wake bado wanasali pale pale, na ni aibu kusoma hadharani kwamba hakumsalimia mgeni. Wakataka kuifuta sentensi ile. Mwalimu akakataa katakata.

"Mwanamume gani anatembelewa na mgeni nyumbani kwake asitoe hata salamu?" akasema. "Ibaki. Watu wajifunze."

Basi ikabaki. Tena wakapitisha kwamba sherehe itakuwa na Saa ya Salamu, kila mtu ampe mkono kila mtu, na fulana zikachapwa: "Tusalimiane kama Nesi". Msicheke. Makanisani tumeshafanya mambo ya ajabu kuliko hayo.

Sasa twende nyumbani kwa Mwalimu, maana huko ndiko kulikokuwa na shida. Miezi kumi na moja kabla ya hapo, yeye na mkewe walimzika mwana wao wa pekee, Mutwiri, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyeugua siku nne tu. Siku ya mazishi Mwalimu alisimama langoni na tai yake, akapeana mikono na watu kama mia saba, na watu wakasema, huyu kweli ni mwanamume. Mkewe akaingia chumbani akafunga mlango.

Tangu siku hiyo walizungumza habari za chai na za ng'ombe basi. Mkewe alikuwa Mama Mutwiri kwa kila mtu, lakini Mwalimu jina hilo lilimkwama kooni, akawa anamwita "mama" tupu. Na wiki ile ya sherehe mkewe alikuwa amemwambia kwamba sherehe ikiisha atakwenda kwa dada yake kule Timau. Hakusema atarudi lini. Mkoba ulikuwa umeshafungwa, umewekwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kila Mwalimu alipoingia kuchukua maji aliuona. Aliogopa. Alitaka kumwambia asiende, lakini hakujua aanzie wapi, maana kila alichokianza kiligeuka kuwa habari ya ng'ombe.

Akaona amsomee ile tafsiri, angalau wapate la kuzungumza. Mkewe akasikiliza huku akichambua maharagwe.

"Na yule mama aliyefiwa," akauliza, "alifanyaje alipokuwa anasalimiwa mchana kutwa?"

Mwalimu akasema hilo halikuandikwa.

"Mimi pia nimesalimiwa sana," mkewe akasema, akaendelea na maharagwe yake.

Mwalimu akasimama pale na karatasi yake. Alihisi ameambiwa jambo kubwa, na hakulielewa hata chembe. Je, ni mara ngapi tumeambiwa jambo kubwa namna hiyo, kwa lugha tunayoijua vizuri, tukabaki tumeshika karatasi?

Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, mgeni akafika kutoka Uskoti, mama wa makamo, mjukuu wa yule dada aliyeandikiwa barua. Mwalimu akamkaribisha ofisini, akampa nakala na zile alama nyekundu, akamwomba radhi kwa niaba ya marehemu kuhusu tahajia. Mgeni alipoona alama akacheka. Akaanza kusoma kwa sauti, bado anatabasamu. Alipofika katikati sauti ikamkatika, akatafuta leso.

Mwalimu akachanganyikiwa kabisa. Kuna nini cha kulilia katika salamu?

Akamuuliza. Yule mgeni akamtazama, akaitazama na tafsiri, akaomba aelezwe kwa Kiingereza imeandikwa nini. Alipoelezwa akaweka leso mezani.

"Mwalimu," akasema, "kwetu 'greet' ni kulia."

Akamweleza. Zamani sana, kabla hata Kiingereza hakijafanana na hiki tunachofundishwa, palikuwa na vitenzi viwili tofauti, kimoja cha kusalimu na kingine cha kulia. Vilikaribiana matamshi, na kadiri miaka ilivyokwenda vikazidi kukaribiana, hata mwisho mtu asiweze kuvitenganisha kwa sikio. Uingereza wakakiacha kile cha kulia kikafa. Uskoti wakakihifadhi, kikabaki midomoni mwa watu wa kawaida, majikoni na mashambani. Bibi yake alikuwa akimwambia mtoto anayedeka aache ku-greet. Mlevi aliyekunywa hadi akaanza kulia ana jina lake linalotokana na neno hilo hilo. Hata kikao cha mwisho cha madiwani kabla ya uchaguzi wamekiita hivyo, kikao cha kulia. Na "grat" haikuwa kosa. Ndivyo wanavyosema "alilia".

Mwalimu akaivuta barua. Akaisoma upya kimyakimya, akibadilisha neno moja tu. Nikaketi karibu naye, nikalia. Tukalia pamoja mchana kutwa. Nilipoondoka nililia njia nzima, na njiani hapakuwa na mtu. Kisha ule mstari alioutetea mbele ya kamati: mume wake alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakulia.

Chai ya mgeni ilikuwa imemiminwa. Mwalimu akaomba radhi, akaondoka.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi. Mwalimu akafungua mlango, akavua kofia, akasimama. Hapo ndipo alipojiona. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Mkewe akainua uso akauliza kama mgeni amefika. Mwalimu akaingia, akaketi sakafuni na suruali yake ya sherehe, katikati ya maganda.

"Mama Mutwiri," akasema, "nilikosea kitenzi."

Kilio cha miezi kumi na moja kikamtoka, kibaya, cha mtu asiye na mazoea, na mkewe kwanza akadhani anaumwa. Halafu akaelewa. Akasogeza beseni pembeni, akashuka kutoka kwenye kigoda, akaketi chini karibu naye. Siku hiyo viazi havikupikwa.

Mtauliza, je, mkewe alikwenda Timau? Alikwenda, wiki iliyofuata, na mkoba aliubeba Mwalimu. Fulana nazo zilikuwa zimeshachapwa, wakazivaa hivyo hivyo. Na ukizirudisha kwa Kiskoti, hazikuwa na kosa lolote.

Wapendwa, nimewatania vya kutosha. Sasa nasema na sisi. Sisi tumejaliwa salamu. Hapa kwetu mtu hapiti bila kuulizwa habari za nyumbani, za kazi, za watoto, na yote anajibu nzuri, hata kama jana ametoka makaburini. Tunampa mkono, tunamwambia pole, tunatazama saa. Tumefanya wema? Tumemsalimia. Yule nesi hakuwa na maneno ishirini, na yule mama akampata wa kulia naye. Sisi tunayo maneno yote ya lugha hii, na bado katika benchi hizi yupo mtu ambaye tangu Januari hajapata hata mmoja wa kulia naye. Mnamjua. Mimi pia namjua, na nilimpa mkono asubuhi hii pale mlangoni.

Ratiba inasema sasa tugeuke tusalimiane. Leo tuiruke. Badala yake, inuka, nenda ukaketi karibu naye. Mimi natangulia.