Mhesabu Nguzo Hulala Njiani

Mhesabu nguzo hulala njiani. Mmemsikia bibi yenu akiwaambia hivyo shambani, mkacheka, sasa mnaniuliza msemo huo umetoka wapi. Msemo huu haukutoka kwa mababu. Ulizaliwa hapa hapa Mbulu nikiwepo, tena chanzo chake ni kosa langu mimi, Bayo, mnayeniita Babu. Kaeni basi, na wewe Domisiani zima hiyo redio.

Wakati huo nilikuwa kocha wa wakimbiaji wa hapa kwetu. Siku moja alikuja Ansila, fundi cherehani, mama wa watoto wawili, akasema anataka kukimbia marathoni. Wanaume walicheka wazi wazi. Mimi nilicheka moyoni, jambo ambalo ni baya zaidi, lakini nikampokea.

Hatukuwa na saa za kupima umbali. Tulikuwa na nguzo za umeme kando ya barabara ya Haydom, na kutoka moja hadi nyingine ni mita hamsini. Nikawafundisha wote: nguzo ishirini ni kilomita moja, hesabuni mjue mlipo. Nilijiona nina akili nyingi! Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mbio ndefu. Walikimbia nguzo mia sita na arobaini kwenda tu, na pikapu iliwasubiri mwisho kuwarudisha. Mimi nilifuata nyuma kwa baiskeli, na madumu ya maji.

Ansila alikuwa na mguu mzuri. Lakini kila Jumamosi, akikaribia nguzo ya mia tano, aliketi ukingoni mwa barabara na kulia.

"Mwalimu, zimebaki mia na arobaini," aliniambia. "Mia na arobaini! Siwezi. Nani alinidanganya kwamba naweza?"

"Wiki ijayo utaweza," nilisema, huku siamini.

Ikawa hivyo wiki tano. Nyumbani mama mkwe alimuuliza kama marathoni imeshaisha, maana anarudi mapema kwa magari ya njiani, kabla ya wenzake. Ansila mwenyewe alianza kuamini kwamba wanaomcheka wana haki, na hilo lilimuuma kuliko miguu. Tulikuwa tumepewa namba moja tu ya mshiriki mwanamke kwa mbio za mjini. Nikamwambia kwa upole, "Ansila, Jumamosi hii ukiketi tena, namba nampa mwingine." Akaitikia kwa kichwa. Nilimhurumia, lakini ningefanyaje?

Jumamosi ile tuliamkia ukungu. Ninyi mnaujua ukungu wetu wa mwezi wa sita, ng'ombe wako mwenyewe humwoni mpaka akukanyage. Nguzo hazikuonekana hata moja. Wakaondoka, na mimi nyuma yao, kengele ya baiskeli mkononi.

Nilipokadiria nimefika pale anapoketi, nikashuka kumtafuta. Hayupo. Nikaita, "Ansila! Ansila!" Kimya. Nikaogopa kweli, nikakagua mtaro huku na huku nikidhani ameanguka. Nikapanda baiskeli mbio hadi kwenye pikapu. Wenzake wote wameshafika, dereva amelala fofofo, Ansila hakuna aliyemwona.

Tukapanda pikapu, tukawasha taa, tukasonga mbele polepole. Ukungu ulipoanza kunyanyuka, tukamwona mbele yetu, anakwenda zake tu, mwendo ule ule.

"Ansila! Simama!"

Akageuka, anahema. "Nimeshafika mia tano?"

"Mia tano? Mama wewe, pikapu yenyewe umeipita! Hapa ni kama mia saba na ishirini!"

Hapo hapo akaketi katikati ya barabara, akaniangalia kwa hasira.

"Mwalimu, kumbe si mbio zilizokuwa zinanichosha. Ni hesabu yako!"

"Nilitaka ujue ulipofika."

"Sikuwahi kujua nilipofika. Nilijua zilizobaki tu. Kila nguzo ilikuwa inaniambia bado, bado, bado. Leo hakuna aliyeniambia kitu, nikakimbia."

Aibu ilinishika mbele ya vijana wangu. Nikampa maji, na namba ikabaki yake.

Siku ya mashindano mjini walikuwa wameweka vibao vya kilomita njia nzima. Ansila hakutazama hata kimoja, alikazia macho mgongo wa mtu aliye mbele yake. Nami, mtu hajifunzi, nilisimama kwenye kilomita ya thelathini na tano nikapaza sauti, "Ansila, zimebaki sa—"

"Nyamaza, Mwalimu!" akafoka mbele ya umati mzima. Watu wakaangua kicheko.

Hakushinda, msije mkatia chumvi mkisimulia. Alifika wakati wengi wameshavaa viatu vya kwendea nyumbani. Lakini alifika kwa miguu yake. Nilishindwa kuzuia machozi, naye akanishika bega.

"Haya, sasa niambie. Kwa nguzo zetu, zilikuwa ngapi?"

Nikapiga hesabu. "Mia nane arobaini na nne."

Ansila akashika kichwa, akakaa chini puu. "Yesu wangu! Ungeniambia asubuhi, ningebaki kitandani."

Ndiyo maana tunasema, mhesabu nguzo hulala njiani.