Kipande cha Juu ya Paa

Leo nawapandisha juu ya paa la kiwanda kimoja cha rangi za magari. Kulikuwa na mwanamke mmoja pale, kazi yake kutabiri: rangi hii ikikaa nje miaka mingi, itadumu? Alipaka vipande vya bati, akavibana paani kwa ukanda wa chuma, akaviacha vipigwe na jua na mvua.

Siku moja akaja mwenye mabasi kutafuta rangi. Bosi wa kiwanda alikuwa amekwisha kukiona kipande cha paani cha rangi aliyotaka kumuuzia, kimepauka, akaona haya. Akamwita mwanamke pembeni, akatoa kwenye droo kipande kingine cha rangi ileile, kinang'aa.

"Mwambie hiki ndicho kilichokaa nje."

"Bosi, hiki hakijawahi kuona jua. Sisemi hivyo."

"Basi kesho usije kazini."

"Sawa, nisije. Ila leo bado nipo."

Akapanda ngazi, akafungua ukanda, akashuka na kipande chake kina vumbi na mavi ya ndege. Akakiweka mezani mbele ya mteja, kando ya kile cha droo, ambacho bosi alikuwa amekwisha kumwambia ndicho kilichokaa nje. Nyie mngechukua kipi? Semeni kweli, si mngekimbilia kinachong'aa?

Mteja akavigeuza vyote viwili. Kwenye kile kilichopauka akaona mstari mmoja usiopauka, pale ukanda ulipofunika. Akakwangua kwa ukucha palipopauka. Rangi haikutoka.

Akaitazama droo iliyobaki wazi, akamgeukia bosi. "Hiki chako kilibanwa wapi? Mbona hakina alama? Mabasi yangu hayalali kwenye droo, mzee. Na rangi yako ni nzuri, ulikuwa unaionea aibu ya nini?"

Wapendwa, na sisi tunaonea aibu nini? Wanasema imani yetu imechakaa, haina mng'ao wa siku ile tulipobatizwa. Mama, ulizika mwanao, na Jumapili iliyofuata ukaja kuketi benchi lilelile. Leo wanasema huimbi kama zamani. Kijana, umefukuzwa kazi kwa kukataa kusema uongo, wanakucheka viatu vilivyotoboka. Ni kweli, tumepauka. Nani asingepauka? Tumekaa nje.

Mimi siwaombei mrudi kwenye droo, sitawaombea hata siku moja. Anayetaka kutukagua aje na ukucha wake akwangue. Tumepauka, hatujabanduka.