Mashine Tatu za Kuonja

Hapo zamani za kale, lakini ile zamani ambayo wanyama walishakuwa na nyumba na mageti na kamba za kuanikia nguo, palikuwa na Digidigi mmoja akiitwa Mama Tiku, kwa sababu mtoto wake ni Tiku, naye alikaa uwanja mmoja na vigogo wawili. Sogeeni kwangu, wewe rudisha mguu wako kwenye mkeka, hadithi hii ina nyoka.

Vigogo wenyewe ni Kiboko na Nyati. Kiboko ndiye mwenyekiti wa uwanja, Nyati ndiye katibu. Na uwanja una nyasi. Nyasi gani hizo! Zimempita Mama Tiku masikio, zimefika kwenye kamba, soksi za mtoto zikianikwa zinakaukia ndani ya nyasi.

Mtaniuliza, mbona hawafyeki? Kikao, watoto wangu, kikao! Vigogo walikubaliana kununua mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukaa juu yake, haina usukani, ina vishikio viwili. Ukisukuma vyote viwili inakwenda mbele. Ukisukuma kimoja ukavuta kingine, inajizungusha palepale kama pia. Fisi anazo tatu dukani kwake. Lakini wachukue ipi? Kila Ijumaa wanakaa, wanakunywa chai, wanamaliza maandazi, wanabishana, kikao kinaahirishwa. Nyasi haziahirishi. Zinakua tu.

Asubuhi moja Mama Tiku anaanua nguo, akasikia shwaaa... Akatazama chini ya kamba. Kitu kinene kama bomba la maji kinapita, kinapita, hakiishi kupita. Chatu! Na Tiku, jana yake tu, alikuwa amesimama akaanza kutembea. Mama Tiku akaacha nguo zote pale, akambeba mtoto, huyoo mpaka kwa Kiboko, akamkuta anakunywa chai na Nyati.

"Shikamoo mwenyekiti!"

"Marahaba, binti. Mbona unahema?"

"Chatu! Yupo kwenye nyasi, nimemuona kwa macho yangu, na Tiku kaanza kutembea, hashikiki, nikigeuka tu yuko mlangoni, naomba nifyeke, fyekeo ninalo, nifyeke pale kwangu tu..."

"Fyekeo?" Nyati akatoa macho. "Tulishapitisha kwamba mashine inakuja. Ukifyeka kwa fyekeo, umedharau kikao."

"Inakuja lini sasa, katibu?"

"Tukishachagua."

"Mtachagua lini?"

Kiboko akafuta makombo mdomoni. "Ajenda hiyo, binti, ni ya Ijumaa."

Mama Tiku akarudi kwake, akafunga mlango, akasukumia stuli, akasukumia na ndoo. Akalia. Tiku akamtazama, naye akalia. Ndipo Mama Tiku akajifuta kwa khanga, akasema, "Ijumaa mimi nitakuwa na mtoto au sina?" Akamfunga Tiku mgongoni, akatoka mbio kwenda dukani kwa Fisi.

"Mzee Fisi! Wale vigogo wangu wameiva!"

"Wameiva kununua?" Fisi akaruka. "Hi hi hiii! Wanataka ipi?"

"Wanataka kuonja kwanza."

"Mashine inaonjwa?"

"Kwani sokoni muuza machungwa hakukatii kipande? Hujaonja, utajuaje kama ni tamu? Zilete zote tatu leo hii, kabla hawajapoa."

Fisi akakuna kichwa, akaona kweli, hata nyanya watu wanaminya kabla ya kununua. Akazipakia mashine kwenye mkokoteni.

Mama Tiku akatangulia. Kwa Kiboko akasema, "Mwenyekiti, mashine zinakuja kuonjwa, lakini sijui, katibu anaonekana ndiye fundi wa hizi." Kwa Nyati akasema, "Katibu, pole, naona mwenyekiti anataka kuendesha peke yake." Haikupita dakika, wote wawili wako nje wanasukumana getini.

Tiku alikuwa amelala. Mama Tiku akamlaza kitandani, akarudishia mlango, akasimama kizingitini.

Mashine ya kwanza ilikuwa Pana, pana kama kitanda cha harusi. Kiboko akajitupa juu. "Hiki ndicho kiti! Hapa hata usingizi unakuja!"

Ngrrrrr! Uwanja wote wa mbele ukanyolewa.

"Nunua hii!" Kiboko akapiga kelele.

"Tamu, mwenyekiti, tamu," Mama Tiku akasema, "lakini mbele kila mashine inakata. Hebu ionje pale kwenye tangi la maji."

Kiboko akaingia kati ya tangi na mpapai. Kwaa! Pana ikakwama. Mbele haiendi, nyuma hairudi, na papai moja likamdondokea kichwani. Puu!

"Imekwama mashine au umekwama wewe?" Nyati akacheka mpaka akakohoa. "Shuka, bwana. Mashine ni injini, siyo kiti."

Akapanda ya pili, Kali, ile yenye injini ya kunguruma kuliko zote.

"Nguvu zipo," Mama Tiku akasema. "Lakini mteremkoni itakuwaje? Na kule ndiko nyasi ni ndefu. Au tuache tu, katibu, panatelezaa..."

"Nani aache?"

Vrrrruuum! Nyati akashuka anafyeka, akapanda anafyeka, akashuka tena kwa hasira, gurudumu likateleza, chubwi! Ndani ya mfereji.

"Haina breki!" akapiga kelele kutoka kwenye matope.

"Ina breki," Fisi akajibu huku analia, "ni wewe huna subira!"

Ikabaki ya tatu, Ndogo. Na nyasi nazo zilibaki kidogo tu, kuzunguka mpapai, kando ya ukuta, na chini ya ile kamba ya nguo mbele ya mlango wa Mama Tiku. Vigogo wakaitazama Ndogo, wakacheka.

"Hii ya kuchezea Tiku!"

"Kweli," Mama Tiku akasema, akashusha macho. "Na mimi nimeona. Hii hamuiwezi."

Kicheko kikakatika.

"Hatuiwezi?" Kiboko akauliza.

"Si kosa lenu. Hii inataka utulivu. Kuuzunguka mpapai bila kuugusa, usiache hata unyasi mmoja... Basi, Mzee Fisi, irudishe dukani."

"Asiirudishe!" Kiboko akajibana kwenye kile kiti, akajisukumiza, akaingia. Akavuta huku, akasukuma kule. Vuuu! Ndogo ikajizungusha palepale. "Mnaona? Mnaona? Mpapai sijaugusa!"

"Umeacha nyasi tatu," Nyati akasema, matope yanamchuruzika. "Shuka nikuonyeshe."

"Sishuki! Nazirudia!"

Vuuu! Akazirudia. Akapita ukutani. Nyati akamfuata nyuma ameinama, anatafuta nyasi zilizobaki kama anayetafuta sindano: "Hapa! Na hapa! Umeruka hapa!" Ikabaki kamba ya nguo, na chini yake kichaka kimoja tu.

Pale pale Mama Tiku akasikia nyuma yake kwaa. Ni mlango. Tiku ameamka. Tiku huyo, tip tip tip, anaifuata sauti ya mashine, amempita mama yake miguuni, anakwenda moja kwa moja kwenye kile kichaka.

"ZIMAAA! Zima mwenyekiti, zima!"

Mashine ikanyamaza. Nyasi za kichaka zikatikisika zenyewe.

Mama Tiku hakufikiri. Akaruka, chupu! Akamnyakua Tiku kwa shingo, akarudi kizingitini, na pale Tiku alipokuwa amesimama, kichwa cha Chatu kikachomoza.

"Mamaaa!" Nyati akaruka ndani ya mfereji kwa hiari yake. Fisi akapanda juu ya tangi. Kiboko naye akataka kukimbia, akainuka, na mashine ikainuka naye. Amebanwa! Akakaa tena.

Chatu akatazama kulia, nyasi hakuna. Akatazama kushoto, hakuna. Akajitazama mwenyewe, mrefu wote yule, nje nje, kama mtu aliyedondokwa na taulo.

"Ssss! Wajinga nyinyi," akasema kwa uchungu. "Mnadhani mmechagua mashine? Tangu asubuhi huyu mama anawafyekesha. 'Onja tangi, onja mteremko!' Nimehama vichaka mpaka vimekwisha. Mnafukuza mpangaji bila hata kujua!"

Akajikusanya, akateremka zake bondeni, hana pa kujificha njia nzima. Hata Tiku alimuona mpaka mwisho wa mkia.

Vigogo wakatazamana.

"Kwa hiyo," Nyati akasema polepole, "tumefyeka?"

"Tumefyeka," Kiboko akasema, "bila kikao?"

Mama Tiku akambana mtoto kifuani. "Hapana, mwenyekiti. Hamkufyeka. Mmeonja."

"Na nani ananunua?" Fisi akapiga kelele juu ya tangi. "Moja imekwama, moja ina matope!"

Kiboko akakohoa, akajiweka kimwenyekiti. "Ajenda hiyo ni ya Ijumaa."

"Basi shuka nirudishe Ndogo yangu."

Kiboko akajitikisa. Wapi! Nyati akamvuta mkono, Fisi akavuta kiti. Hiyaa! Hiyaa! Hatoki.

"Mzee Fisi, usihangaike," Mama Tiku akasema. "Pana haipiti penye tangi. Kali haiuwezi mteremko. Ndogo imepita kote, na mwenyekiti mwenyewe ameshaichagua. Si mnaona? Ameikalia, na haachii!"

Nyati ndiye aliyeanza kucheka, kisha Fisi, mwisho na Kiboko, na alivyocheka kiti kikapasuka, pwaa! Akatoka. Kiti kimepasuka, sasa nani atairudisha? Ikawa yao. Ijumaa ile kikao kilifunguliwa, hakikuwa na ajenda, wakala maandazi tu.

Na Tiku alitembea uwanja mzima, akaanguka, akainuka, akaanguka, na mama yake kizingitini akiuona kila unyasi mpaka mzizi wake.

Hadithi yangu imekatwa, imebaki fupi, nendeni mkaicheze, na shikeni hili: mwenye hofu ya kweli hasubiri wakubwa wamalize kubishana, anautumia huo ubishi wao kumaliza kazi yake.