Mbega Aliyeficha Habari ya Mwenzake

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika nusunusu. Na wewe baba uliyesimama mlangoni ukijifanya unatafuta kiatu, sikio lako nimeliona. Ingia ukae, hadithi haichagui umri. Tena basi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walisoma kutuzidi, palikuwa na chuo kikuu katikati ya msitu wa Kimbwe. Si chuo cha mchezo. Mnana, yule ndege fundi wa viota, alifundisha ujenzi. Kiboko alifundisha mambo ya mito. Na mkuu wa chuo alikuwa Mbega.

Kwa nini Mbega? Wanyama walikaa kuchagua mkuu. Wakatazama huku, wakatazama huku. Wakamwona Mbega kazaliwa na joho lake. Jeusi, lina weupe mabegani, linaning'inia mpaka chini. Wakasema, huyu tumshonee nini tena, huyu kashashonewa. Wakampa ukuu. Wapo waliopewa vyeo kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nawajua, siwataji.

Lakini Mbega alikuwa mkuu mwema. Hakufoka, hakuonea. Na katika kazi yake yote alipenda siku moja tu, siku ya mkutano wa wafanyakazi. Mvua zikiisha, wote hukusanyika uwanjani, walimu, wapishi, wafagiaji, walinzi. Mkuu hupanda juu ya tawi, akawaeleza habari za chuo. Kimejengwa nini. Nani kafaulu. Nani kasifiwa huko nje. Mbega aliipenda siku hiyo kama mtoto anavyopenda sikukuu.

Shida ilikuwa moja, na jina lake Kanga.

Bi Kanga alikuwa mpishi wa kantini. Jiko lake lilikuwa katikati ya chuo, na masikio yake yalikuwa kila mahali. Ukienda kwake kuchukua uji, unarudi na uji na habari. Basi Mbega akipanda tawini na kusema, "Ndugu wafanyakazi, nina furaha kuwatangazia kwamba bweni jipya limekwisha," wao wanamjibu, "Tumeshasikia." Akisema, "Wanafunzi wetu wameshinda mashindano ya kuogelea," wanamjibu, "Tumeshasikia hiyo." Mwaka mmoja Kiboko alilala mkutano ukiendelea. Kroo, kroo. Mbega alishuka tawini amenywea kabisa.

"Bi Kanga, utaniua," alimwambia.

"Nakuua na nini, mzee? Mimi napika uji tu. Wenyewe wanaongea, mimi nakoroga."

Sasa mwaka huo, mvua zikiwa bado zinanyesha, akaja Mbayuwayu, mjumbe wa Baraza la Misitu Yote. Fyuu, akatua tawini kwa Mbega.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta jibu. Baraza limelikubali somo la Bi Kakakuona. Litafundishwa katika misitu yote, na kila litakapofundishwa litatajwa jina lake."

Bi Kakakuona alikuwa mwalimu wa mambo ya mchwa. Mchwa walikuwa wanakula majengo ya chuo, leo mlango, kesho paa. Wengine walileta moshi, wengine majivu. Bi Kakakuona aliingia chini ya ardhi akawafuata mchwa njia kwa njia, mpaka akajua wanakopita na wasikopita. Majengo yakajengwa wasikopita. Mambo yakatulia. Akaituma kazi yake kwa Baraza, akangoja. Akangoja sana. Naye alikuwa mtu wa haya, ukimsifu kidogo anajikunja mviringo kama chungu.

Mbega aliposikia habari ile, moyo ulimruka. Chuo chake hakijawahi kupata kitu kama hicho. Kisha akawaza, hii hata Kanga hanayo.

"Umeshamwambia mwingine?" akamuuliza Mbayuwayu.

"Nimekuja kwako moja kwa moja."

"Basi usimwambie mtu. Hata mwenyewe."

"Hata mwenyewe, mzee?"

"Mwenyewe akijua atamwambia jirani. Na jirani anakunywa uji wapi?"

Mbayuwayu akakunjua mabawa. Fyuu, akaondoka.

Siku hazikupita nyingi, huyo Bi Kakakuona anakuja. Kwaru, kwaru, magamba yanasuguana.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, mwalimu."

"Samahani kwa usumbufu. Nauliza kama Baraza limejibu."

Habari ikampanda Mbega kooni. Akaimeza. "Tutaongea, mwalimu. Tutaongea siku ya mkutano."

"Tutaongea?"

"Eh. Tutaongea."

Jamani, nyie mmeshaomba vitu kwa wakubwa. Mkubwa akikwambia tutaongea, si umenyimwa hapo? Kakunyima kwa adabu. Bi Kakakuona akainama, akaenda zake. Kwaru, kwaru.

Akaja tena. Akaambiwa tutaongea.

Akaja tena. Safari hii Mbega alimwona kwa mbali, akajificha kwenye majani, anacheka peke yake kwa utamu wa siri. Kajificha kichwa, kajificha mabega. Mkia mrefu mweupe ukabaki unaning'inia nje. Bi Kakakuona alisimama chini, akakisikia kicheko, akautazama ule mkia. Hakuita. Akageuka.

Bi Kanga naye alinusa jambo. "Mzee, una neno wewe."

"Sina."

"Mbona shavu limejaa?"

"Natafuna majani."

Mvua zikaisha. Siku ya mkutano ikafika. Mbega alijichana joho mpaka likang'aa, akapanda tawini.

"Ndugu wafanyakazi, Mnana amemaliza ukumbi mpya."

"Tumeshasikia."

"Mahafali ya mwaka huu yalifana kuliko yote."

"Tumeshasikia hiyo. Tulikuwepo."

Mwaka huu Mbega hakunywea. Alitabasamu tu. "Haya. Sasa ipo moja ambayo hakuna aliyeisikia."

Kiboko akainua kichwa. Bi Kanga akasahau mwiko ndani ya sufuria.

"Namwomba Bi Kakakuona asimame."

Hakusimama mtu. Wakatazamana. Kisha Nungunungu, mlinzi wa lango, akakohoa.

"Mzee, Bi Kakakuona amepita langoni asubuhi na mzigo wake. Anahamia chuo cha ng'ambo ya mto. Nikamuuliza, umemuaga mkuu? Akasema, mkuu aliniaga yeye, tena kwa mkia."

Watu wakaguna. Mbega akahisi tawi linamponyoka. Alijua ya ng'ambo. Ukivuka unakula kiapo chao, na aliyekula kiapo harudi. Atampoteza mwalimu wake, na mwalimu ataondoka anaamini kazi yake haikufaa kitu.

Akashuka. Mbega hatembei chini, chini si kwake. Lakini baina ya uwanja na mto hapakuwa na mti hata wa kusingiziwa, ni tope tupu la mvua. Akaliingia. Chapa, chapa, chapa. Joho likaburura. Weupe ukaisha, weusi ukabaki.

Akamkuta Bi Kakakuona ukingoni, mzigo kando, anangoja maji yapungue avuke.

"Mwalimu, ngoja kidogo."

Bi Kakakuona hakugeuka. "Tutaongea, mkuu."

"Baraza limekubali kazi yako."

Maji yanapita tu, shwaa.

"Lini?"

"Mvua zilikuwa hazijaisha."

"Na mimi nakuja kwako nauliza."

"Unakuja unauliza."

"Na wewe unajua."

"Najua."

"Kwa nini sasa?"

"Nilitaka nikutangaze mbele ya wote. Nilitaka washangae."

"Washangae nini, habari yangu au ulimi wako?"

Mbega akakaa chini kwenye tope, mkuu wa chuo mzima.

"Siku zote hizo nimeona sijui kitu," Bi Kakakuona akasema. "Nilirudi kwa mchwa kutazama wapi nilikosea. Chakula hakipiti. Wewe uko juu unacheka kwenye majani."

"Habari ilikuwa yako, nikaifanya yangu. Nisamehe, mwalimu. Na kama unavuka, vuka nayo. Nitamtuma Mbayuwayu ng'ambo leo hii, awaambie hii ni kazi yako, wakupokee kwa heshima yake. Sitakuzuia."

Hapo ndipo Bi Kakakuona alipogeuka. Akamtazama yule mzee na joho lake la tope.

"Hebu niambie tena. Taratibu. Kama ungeniambia siku ile."

Mbega akasema kwa sauti ndogo, "Bi Kakakuona, Baraza limelikubali somo lako. Litafundishwa misitu yote, na jina lako litatajwa."

Kwaru. Bi Kakakuona akajikunja mviringo palepale. Na ndani ya magamba kikasikika kicheko, chembamba, hakikomi.

"Mkuu, ongeza sauti, huku nyuma hatusikii," ikasema nyasi.

Nyasi haisemi. Alikuwa Bi Kanga, na nyuma yake chuo kizima. Mlidhani watabaki uwanjani, mkuu wao kakimbilia topeni? Vigelegele vikapigwa, mto wote ukajaa. Bi Kakakuona akakunjuka, akavuta pumzi.

"Huu mzigo ni mzito," akasema. "Nani ananisaidia kuurudisha?"

Kiboko akaubeba.

Toka siku ile, ikija habari njema ya mtu, Mbega hushuka akampelekea mwenyewe mlangoni, siku hiyohiyo. Jioni Bi Kanga anayo. Mkutano ukifika kila mmoja anaijua, na bado wanajaa uwanjani wasikose nafasi ya kukaa, maana habari yako nzuri hata ukiijua unataka kuisikia ikisemwa mbele za watu. Mbega anasema, wao wanapiga vigelegele, kisha wanakula. Kiboko halali tena, anangoja chakula.

Funzo lake ni hili, mkubwa na mdogo alishike. Habari njema ya mwenzako ni yake. Mpe kwanza yeye, ingali ya moto, ndipo uwape wengine. Ukiiweka ili uje upendeze nayo, utafungua mdomo siku hiyo na mwenyewe hayupo.

Na hadithi yangu mimi imefika hapo, haina miguu ya kwenda mbele zaidi.