Kamongo Aliyepanda Juu Kabla ya Amina

Paukwa!

Pakawa!

Mbona kinyonge hivyo, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani sana palikuwa na kinamasi chenye matete. Viumbe wake walimcha Mungu. Kila Jumapili walisali, na mzee wao wa kanisa alikuwa Chura. Huyo alikaa juu ya jani, tumbo mbele, sauti nzito. Kruu! Kruu! Desturi yao ilikuwa hii: kila mmoja anamshukuru Mungu kwa alivyomuumba, na hakuna kuondoka mpaka amina.

Alikuwepo Kamongo, samaki mrefu, mpole. Ibada hiyo aliipenda kuliko chakula. Lakini Kamongo ana mapafu. Ndiyo, samaki, ana mapafu! Kila baada ya muda hana budi kupanda juu, hup! anavuta hewa, anashuka.

Chura akakasirika. "We Kamongo! Mungu alikuumba samaki. Hewa ya nini?"

"Nimezaliwa hivi, mzee. Bibi yangu alivuta hewa. Wa kale zaidi walivuta kidogo tu. Wa kale kabisa hawakuvuta. Maji yalipokauka, waliojua kuvuta ndio waliopona, wakazaa."

"Shindwa! Kwa hiyo Mungu alikosea, ninyi mkamrekebisha? Jumapili ijayo ukipanda kabla ya amina, usirudi tena hapa!"

Kamongo akaenda kwenye tope lake, akalia. Labda kweli nimemkosea Mungu, aliwaza. Roho ilimuuma sana.

Jumapili ikafika. Kaa akashukuru kwa magando. Mama Sato akashukuru kwa magamba, na Mama Sato akianza kushukuru, jamani, hamalizi! Kamongo akajikaza. Kifua kikawaka moto. Macho yakamtoka. Akalegea, akaanguka kwenye matope, puu!

"Jamani, samaki anakufa maji!" Mama Sato alipiga kelele.

Wakamsukuma, sukuma, sukuma, mpaka juu. Huuup! Akafumbua macho.

Mama Sato akamgeukia Chura, amefura kwa hasira. "Mzee, mimi nakujua tangu ukiwa kiluwiluwi. Ulikuwa na mkia. Ulipumua majini kama mimi. Nani alikubadilisha?"

"Mungu."

"Ulimwona akikufinyanga?"

"Sikumwona. Mkia ulipungua polepole, miguu ikaota." Chura akajipapasa nyuma. "Lakini ni Mungu. Ni Mungu kabisa!"

"Basi wewe alikubadilisha kwa wiki chache, na ukoo wa Kamongo kwa vizazi na vizazi. Mbona wako ni muujiza, wake ni dhambi?"

Kinamasi kizima kikaangua kicheko. Chura aliona haya, kisha naye akacheka. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilitaka kumpangia Mungu kazi yake. Haya, zamu yako. Shukuru."

Kamongo akapanda mbele ya wote. Hup! Akashuka. Akasema, "Asante, Mungu, kwa pumzi hii, na kwa mabibi wote uliowapitishia mpaka ikanifikia."

"Amina!" wakaitika, na Chura akawashinda wote kwa sauti.

Mafunzo yake ni haya, wakubwa kwa wadogo: Mungu hakuumba akaenda zake. Mabadiliko ya polepole, kizazi hata kizazi, nayo ni kazi ya mikono yake, na anajua anakotupeleka.

Hadithi yangu imekomea hapo, na mimi napumzisha mdomo.